Lami, Matope na Vidudu vya Ziwa: Kuondoa Uchafu Sugu wa Barabarani Bila Kuumiza Rangi ya Gari

Gari likitoka Nakuru mchana na kufika Kisumu jioni, lizunguke polepole kabla hujaingia nyumbani. Utasoma safari nzima ubavuni mwake. Juu ya paa limelala vumbi la Nakuru, jepesi kama limepepetwa. Chini ya milango, kuanzia nyuma ya magurudumu ya mbele, kuna nukta nyeusi za lami, ukumbusho wa kila kipande cha barabara kilichokuwa kikikarabatiwa. Ndani ya madigadi kumeganda udongo mwekundu wa Kericho, na kama ulipita nyanda za Kano mvua ikinyesha, juu yake kuna tope jeusi la Ahero linalokauka likawa tofali. Halafu ukaingia mjini jua limezama, vidudu vya ziwa vikakupokea kwa wingi wao, na sasa boneti inaonekana kama imemwagiwa uji wa wimbi.

Kila kimoja kati ya hivyo kina njia yake ya kutoka. Ukivishughulikia vyote kwa ndoo moja ya sabuni ya unga na sifongo moja, vitatoka kweli, na mng'aro utatoka navyo.

Somo hili nililipia. Nina Probox ya buluu iliyokolea, rangi isiyosetiri kitu. Siku moja niliiacha mahali pa kuoshea magari nikamwambia kijana kwamba nina haraka. Niliporudi alinipokea kwa tabasamu: "Mzee, ile lami yote nimeitoa, hebu angalia." Niliangalia. Lami haikuwepo. Pembeni mwa bampa ya mbele, iliyokuwa imepigwa rangi upya mwaka uliotangulia, palikuwa na doa lililofifia, ukubwa wa chapati. Alikuwa ametumia thina. Sikuweza hata kumgombeza, kwa sababu neno "haraka" lilitoka kinywani mwangu.

Tangu hapo naosha mwenyewe, na kanuni yangu ni moja: dawa na muda vifanye kazi, mkono uje mwisho kupokea kilicholegea. Karibu kila mkwaruzo unaouona kwenye gari linalooshwa mara kwa mara umetokana na mkono uliotangulia.

Unachokigusa ni chembamba kuliko unavyodhani

Gari nyingi za leo zina matabaka matatu juu ya bati: praima, rangi yenyewe, kisha tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Vyote kwa pamoja huwa karibu maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo kile kinachong'aa, kinachozuia jua lisile rangi, ni kama nusu ya unywele. Kikiisha hakirudi kwa kuosha. Zile gari kuukuu za saluni unazoziona mjini zikiwa na paa linalobabuka kama ngozi iliyoungua, hizo ni gari ambazo klia yake imekufa.

Kuna gari za zamani zisizo na klia kabisa. Kujua, chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua taratibu sehemu iliyojificha. Kitambaa kikishika rangi ya gari, huna klia. Kuwa mpole maradufu.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwetu, maana gari chache za hapa hazijawahi kupitia kwa fundi wa rangi wa jua kali. Rangi anazopiga fundi ni za aina mbili kubwa. Ipo inayochanganywa na kigumisho, wenyewe wanaiita 2K, ambayo ikishakauka vizuri huvumilia. Na ipo NC, ya bei nafuu, inayokauka kwa thina kuruka tu. Hiyo NC hata ikikaa miaka kumi, thina ikirudi itaiyeyusha. Ndiyo iliyokuwa kwenye bampa yangu. Ukitaka kujua yako ni ipi, gusa na kitambaa chenye tone la thina kwenye ukingo wa chini wa kipande kile kile kilichopigwa rangi. Usijaribie ndani ya mlango, kwa sababu huko pengine bado ni rangi ya kiwandani na itakudanganya. Na gari lililotoka kwa fundi majuzi liache angalau siku 30 kabla ya kulipaka dawa yoyote ya kuyeyusha lami.

Mahali, saa na maji

Osha kivulini, bati likiwa baridi. Weka mgongo wa kiganja juu ya boneti. Usipoweza kuuacha hapo ukahesabu hadi tano, subiri. Kisumu saa saba mchana dawa hukauka kabla haijafanya kazi, na dawa iliyokaukia juu ya rangi huacha doa baya kuliko lile ulilokusudia kuondoa. Mimi huanza saa kumi na mbili asubuhi, au baada ya saa kumi jioni.

Ziwani usiende. Najua ni desturi ya miaka mingi kuingiza gari majini na kulisugua pale pale, lakini maji ya ukingoni yamejaa mchanga, na mchanga kwenye kitambaa ni msasa. Mbali na rangi, kuna wewe mwenyewe: konokono wa ukingo wa Ziwa Victoria hubeba kichocho, na vijidudu vyake huingia mwilini kupitia ngozi ukiwa umesimama tu majini. Halafu mafuta na sabuni unazoosha huko huingia majini, ndimo samaki wetu waliko.

Maji mazuri kuliko yote ni ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, kwa kuwa hayana chumvi ya kuacha madoa. Maji ya kisima, hasa ya Nakuru na Bonde la Ufa, yana madini mengi. Yanaosha vizuri, ila yasiachwe yakaukie juu ya gari. Ukiwa na tangi dogo la mvua, osha kwa maji ya kisima na ubakize lita kumi za mvua za kusuuzia mwisho.

Vifaa si vingi. Ndoo mbili, zile za rangi za lita 20 zinatosha mradi umezisafisha hadi hakuna ganda la rangi kavu ndani. Ndoo ya tatu, yoyote, kwa ajili ya magurudumu. Shampuu ya gari. Vitambaa vya mikrofaiba sita au zaidi, na glavu ya kuoshea yenye manyoya marefu kama utaipata. Fulana kuukuu ya pamba inafaa kwa kazi ya lami, lakini ikate pindo na mishono kwanza, kwa sababu uzi wa mshono unakwaruza. Sabuni ya unga iache kwenye nguo: ni kali, inang'oa nta, na chembe zake zisizoyeyuka zinakwaruza. Sabuni ya vyombo nayo hung'oa nta. Itumie tu siku unayojua utapaka nta upya. Waya wa kusugulia sufuria, ile sifongo yenye upande wa kijani, dawa ya meno, unga wa kusafishia sinki, petroli, thina na mafuta ya breki: hivi vyote nimeona vikitumiwa, na vyote nimeona vilichofanya. Mafuta ya breki ni mabaya kuliko vyote, yanaivimbisha rangi kama jeraha la moto.

Hatua ya kwanza: vumbi lisiguswe likiwa kavu

Hapa ndipo uharibifu mwingi unapotokea, tena kwa nia njema. Mlinzi wa ploti anaamka alfajiri, anachukua kitambaa kikavu, anapangusa gari la kila mpangaji ili apate cha chai. Nakuru kwenyewe, jina linasemwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi hilo si la kawaida. Ardhi ya pale imetokana na majivu ya volkano, Menengai ikiwa karibu tu juu ya mji, na majivu ya volkano yana chembechembe za kioo. Kupangusa vumbi hilo likiwa kavu ni kusugua gari kwa chupa iliyosagwa. Itazame boneti nyeusi ya gari linalopanguswa kila siku, juani, kwa upande: mikwaruzo imezunguka kama utando wa buibui.

Zungumza na mlinzi wako. Mimi nilimwambia wangu, "Ndugu yangu, hela yako ni ile ile, ila hili langu usiliguse bila maji," na tukaelewana.

Kwa hiyo mwagia maji mengi kwanza, kuanzia paa kushuka. Ukiwa na mashine ya presha, maji yatoke yametanda, si kama sindano, na mdomo wake ukae sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye rangi. Mahali palipochubuliwa na kokoto usipaelekezee kabisa; maji huingia chini ya klia yakaifunua kama ganda la kitunguu.

Hatua ya pili: matope yaloweshwe, yasibanduliwe

Udongo mwekundu wa Kericho na Kakamega unaloa na kuteremka bila ubishi, tatizo lake ni kuacha rangi ya kutu kwenye gari jeupe ukikaa wiki. Tope jeusi la Ahero ni habari nyingine. Ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana mashamba ya huko hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Juu ya gari hufanya vile vile: likisinyaa linashika kila kitu kilicho chini yake. Ukilibandua kwa kijiti au kwa kucha linaondoka na mchanga ulioganda nalo, likikwaruza njia nzima.

Mwagia maji, subiri dakika kumi, mwagia tena, subiri tena. Mara ya tatu litaanza kuteremka lenyewe kama ugali uliozidiwa maji. Ingiza mpira wa maji ndani ya madigadi na chini ya gari, upande wa nyuma wa kila gurudumu, maana matope yanayobaki huko hukaa na unyevu na kulea kutu.

Magurudumu yaoshe sasa hivi, kwa ndoo yake na brashi yake, kabla ya mwili wa gari. Kitambaa kilichogusa rimu kisirudi kwenye rangi, hata ukikifua mara saba.

Kisha povu. Shampuu iliyokolezwa kidogo kwenye chupa ya kupulizia, ukianzia chini kupanda juu, dakika tano, halafu suuza kuanzia juu kushuka. Isikauke.

Hatua ya tatu: wadudu, kinyesi cha ndege na utamu wa miwa

Kabla hujaanza kuosha kwa mkono, angalia sehemu ya mbele. Vidudu vya ziwa huibuka makundi kwa makundi, mara nyingi siku za mwezi mwandamo, na hufuata taa. Haviumi mtu, lakini mizoga yake ina asidi na protini zinazoganda na kula klia, na jua la siku mbili tatu linatosha kuacha alama ya umbo lao hata baada ya kuosha. Tandaza taulo kuukuu juu ya boneti na bampa, ilowe maji ya uvuguvugu yenye shampuu, iache dakika kumi. Ukiinua, nusu ya kazi imekwisha. Rudia palipobaki. Kioo cha mbele nacho kiloweshe kwanza, usiwashe waipa juu ya vidudu vikavu. Utapata uji wa mafuta kote na mpira wa waipa utachanika.

Kinyesi cha ndege kifanyie hivyo hivyo, kwa karatasi ya shashi iliyolowa, na usipanguse kwa kuvuta. Kibane na kukiinua. Ukiegesha chini ya miti wanakolala korongo, unajua ninachosema.

Kwenye barabara za Muhoroni, Chemelil na Mumias utakutana na kitu kingine: maji ya miwa kutoka kwenye trela, yamechanganyika na vumbi na masizi ya mashamba yaliyochomwa. Kinanata kama lami na watu hukimbilia mafuta ya taa. Hakuna haja. Ni sukari hiyo, maji ya moto kiasi cha kuoga yanaiyeyusha yote. Utomvu wa miti ndio unaohitaji spiriti ya hospitali kwenye kitambaa laini, gusa na uinue, kisha suuza mara moja.

Hatua ya nne: kuosha kwa ndoo mbili

Ndoo moja ina shampuu, ya pili maji matupu. Chovya glavu kwenye shampuu, osha kipande kimoja, isuuze kwenye maji matupu ukiikamua vizuri, ndipo urudi kwenye shampuu. Ukifika nusu ya gari tazama chini ya ile ndoo ya maji matupu, utaona mchanga ambao ungekuwa unauzungusha juu ya mlango. Enda kwa mistari iliyonyooka, usizungushe. Paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu ya chini, kwa kitambaa kingine. Kikianguka chini, kimestaafu kwa siku hiyo. Suuza.

Hatua ya tano: lami

Sasa gari ni safi na nukta nyeusi zinaonekana wazi. Wengi huanza nazo, na hapo ndipo wanapokosea. Ndani ya nukta ya lami mara nyingi mna chembe ya kokoto au mchanga. Lami ni gundi tu. Ukiisugua ikiwa ngumu, unaburuza kokoto juu ya klia. Lazima gundi iyeyuke kwanza, chembe ielee, ndipo uipokee.

Dawa maalumu ya lami inauzwa kwenye maduka ya vipuri na ndiyo bora. Soma maelekezo yake, hasa muda. Usipoipata, mafuta ya taa yanafanya kazi hii vizuri kwenye rangi ya kiwandani na kwenye 2K iliyokomaa. Mafuta ya kupikia pia hulegeza lami, ila yanataka robo saa na subira. Yatumie kwenye NC, ambako hata mafuta ya taa siyaamini bila kuyajaribu pembeni. Kabla ya yote, zima jiko, hakuna sigara, na uwe mahali penye hewa. Vaa glavu za mpira.

Chukua kipande cha fulana nyeupe, kiloweshe kiasi cha kutodondoka, ukibandike juu ya nukta kama unavyobandika kitambaa cha maji ya moto kwenye jipu. Kiache dakika mbili. Ukikiinua utaona nukta imepoteza ukingo wake, pembeni pametokea duara la kahawia kama chai ya rangi iliyomwagikia kitambaa cha meza. Usishangilie bado. Bandika tena upande safi wa kitambaa, dakika moja nyingine. Mara hii nukta itakuwa imeanza kuteremka yenyewe, mchirizi mwembamba wa kahawia. Sasa pangusa mara moja, kuelekea upande mmoja, bila kukandamiza, kisha geuza kitambaa. Kila mpanguso na upande wake mpya. Ndiyo maana nimesema kitambaa kiwe cheupe: unataka kuona kilichobeba. Ukihisi kitu kinakwaruza chini ya kidole, simama, lowesha upya.

Fanya eneo la ukubwa wa gazeti lililokunjwa, lioshe kwa shampuu, ndipo uhamie jingine. Mafuta ya taa yasikae kwenye mipira ya milango wala plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, yanaifubaza na kuilegeza. Petroli watu wanaisifu kwa kuwa ni ya haraka. Inaruka kabla lami haijalegea, kwa hiyo unasugua zaidi; mvuke wake ni sumu na cheche moja inatosha. Sitaki hata kuiona karibu na ndoo zangu.

Lami nene, ile ya kupita juu ya barabara iliyomwagiwa asubuhi hiyo hiyo, itataka mara nne au tano. Gawanya kazi siku mbili. Ikishakaa miezi, huenda ikatoka na kuacha kivuli cha manjano kwenye gari jeupe. Hicho kinamalizwa na hatua inayofuata.

Hatua ya sita: kile usichokiona

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130. Tofauti hiyo yote unaiteremka ukiwa na mguu kwenye breki, pamoja na kila lori lililo mbele yako, na breki zikisagika zinarusha vumbi la chuma likiwa la moto. Chembe hizo hujichomeka kwenye klia na baadaye kushika kutu. Kwenye gari jeupe utaziona kama nukta ndogo za machungwa nyuma ya magurudumu na kwenye mlango wa nyuma. Kwenye gari jeusi huzioni, unazihisi.

Kuzihisi kuna njia yake. Ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na uupitishe taratibu juu ya rangi iliyooshwa. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo mimi hutumia ile ya mkate. Plastiki huongeza hisia za vidole. Rangi unayodhani ni laini itakuwa kama msasa.

Dawa ya kuondoa chuma hupuliziwa kwenye gari baridi, ikaachwa dakika tatu hadi tano. Hubadilika kuwa zambarau inapokutana na chuma na hunuka kama yai viza, zote ni dalili njema. Suuza kwa maji mengi.

Kilichobaki hutolewa kwa udongo wa kusafishia rangi, kipande laini kama chapati isiyochomwa kinachouzwa kwa wapiga polishi. Kikande kiwe bapa. Pulizia maji yenye shampuu kwa wingi, kiteleze juu ya eneo la nusu mita kwa nusu mita, nenda rudi kwa mstari, bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia sauti ya mkwaruzo mdogo, ikinyamaza, pamekwisha. Kigeuze na kukikunja upate upande safi. Kikianguka chini kitupe, hata kama kimenunuliwa jana. Kazi hii mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, kwani hata ikifanywa vizuri inaacha michirizi hafifu kwenye rangi nyeusi, na utataka kupiga polishi nyepesi baadaye.

Madoa meupe ya maji ya kisima, siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika moja, suuza sana. Yasipotoka yameshaingia ndani ya klia, mpelekee mpiga polishi mwenye mashine.

Na ukipitisha ukucha juu ya alama ukanasa, hapo hapana uchafu tena. Ni jeraha, na hakuna dawa ya kuosha itakayoliziba. Funika kwa rangi ya kugusia kabla kutu haijaingia.

Hatua ya saba: kukausha na kulinda

Tandaza taulo kubwa ya mikrofaiba, ivute kwa uzito wake yenyewe. Kisha nta, safu nyembamba kiasi kwamba unajiuliza kama umepaka. Nene haiongezi kitu, inasumbua tu kuipangusa. Nta ya kawaida kwa jua na mvua zetu hukaa mwezi mmoja hadi miwili, zile za maabara miezi minne na zaidi. Mimi hupaka sehemu ya chini ya milango na bampa ya mbele mara mbili, maana huko ndiko vita viliko. Lami ikitua juu ya nta inashika nta, na safari ijayo utaitoa kwa nusu ya muda. Ile mipira ya kuzuia matope nyuma ya magurudumu nayo, kama imekatika, inunue. 

Vitambaa vya mafuta ya taa vianike nje hadi vikauke kabisa, mbali na jiko, visifungiwe kwenye buti. Maji yake yasiingie mtaroni. Mitaro mingi ya Kisumu inaishia ziwani.

Ndani ya buti langu sasa kuna chupa ya lita moja na nusu yenye maji na tone la shampuu, na taulo mbili zilizokunjwa. Nikisimama Ahero kununua mchele, nalowesha taulo, nalitandaza mbele ya boneti, naenda kubishana bei. Akina mama wa pale hawana haraka, nami sina. Nikirudi na gunia begani, wadudu wa njia nzima wameshalegea.